Maua Mengi, Matunda Machache

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimekuwa na mzigo. Katika kikundi chetu cha maombi yameanza maneno ya kugawanyika, wenye mtazamo mmoja wakutane kwao na wengine kwao. Nasema kweli mbele za Mungu, nami moyo unanivuta huko. Wako ndugu ambao wakianza tu kuongea, nafsi yangu inachoka.

Bwana amenisemesha kupitia mti wangu wa pea bustanini. Ni Seckel, aina ya zamani iliyogunduliwa karibu na Philadelphia, Marekani, katika karne ya 18. Tunda lake ni dogo, linafichika kiganjani, lakini ni tamu kuliko mapea mengi makubwa. Mbegu ya pea haitoi mti ulio sawa na mama yake, kwa hiyo kila Seckel hutokana na kijitawi cha Seckel nyingine kilichopandikizwa kwenye shina. Warumi 11, ile ya matawi yaliyopandikizwa, mnaijua, sitakaa hapo.

Ninalotaka kusema ni hili. Mti huu ukiwa peke yake huchanua vizuri, ila huzaa haba. Ili uzae sana unahitaji chavua ya mpea mwingine unaochanua wakati uleule. Na ukiupandia Seckel ya pili pembeni hujausaidia, maana kwa asili hiyo miwili ni mti mmoja. Lazima iwe aina nyingine. (Anayetaka kupanda aangalie: Bartlett, ingawa ni maarufu, haichavushani na Seckel. Anjou au Bosc hufaa.)

Ndugu zangu, watu wanaofanana wanaweza kuchanua pamoja. Nyimbo zitakuwa tamu, amina zitakuwa nyingi, wala hakuna atakayekwazika. Lakini utamsamehe nani mahali ambapo hakuna anayekukosea? Uvumilivu utajifunzia wapi? Nani atakuonya, ikiwa wote mna udhaifu uleule na mmeshauzoea?

Tazameni kanisa la Antiokia katika Matendo 13. Yupo Barnaba, Mlawi wa Kipro. Yupo Lukio wa Kirene. Yupo Manaeni, aliyekulia pamoja na Herode. Yupo Sauli, aliyewahi kuwaburura waumini gerezani! Hebu fikiri kukaa chumba kimoja na mtu aliyewatia ndugu zako gerezani, mkifunga chakula na kuomba naye. Walikaa. Walifunga. Ni hapohapo Roho Mtakatifu aliposema, na injili ikatoka kwenda kwa mataifa.

Wewe unayesema, "Mimi nitasali na wale tunaoelewana," nani alikuruhusu kuchagua viungo vya mwili wa Kristo? Yule anayeomba kwa sauti kubwa kupita kiasi alinunuliwa kwa damu ileile. Yule mzee anayerudia ushuhuda mmoja kila mara, Bwana anamsikiliza kila mara. Palipo na mafundisho ya uongo, toka, Maandiko yanaruhusu. Lakini kuchoshwa na tabia za mtu si mafundisho ya uongo, wapendwa, na tusiuvike ubinafsi wetu vazi la utakatifu.

Tutakapokutana tena, kila mmoja aketi na yule anayemkwepa. Amwulize anahitaji kuombewa nini, aliandike jambo hilo, aliombe juma zima kwa jina. Wa kwangu tayari namjua, na nimeanza leo.