Siku moja maishani mwangu: muuza miche wa Goma

Saa 12 asubuhi niko pepinyeri, yaani kitalu cha miche, hapa Keshero, mtaa wa Goma. Chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, imeshusha bidoni (madumu) 6 za maji. Wengi wanadhani kuuza miche ni kumwagilia na kungoja pesa. Saa hizi naosha majani, maana vumbi jeusi la barabara ya mawe ya volkano limeyafunika. Jani lililofunikwa vumbi halipati mwanga, na bila mwanga halitengenezi chakula.

Saa 1 hadi saa 4: kumwagilia, kung'oa magugu, kujaza udongo na samadi kwenye saketi, vifuko vya kupandia miche.

Saa 4 na nusu anafika mama na miche ya tomati niliyomuuzia wiki mbili zilizopita. Imekuwa mirefu, myembamba, ya njano, imelala.

"Mwanangu, uliniuzia miche mibovu. Nirudishie pesa."

"Mama, uliiweka wapi?"

"Ndani, nyuma ya kabati. Nje mbuzi watakula. Maji nilitia kila siku, na mbolea mara mbili!"

Namweleza: mmea unataka mwanga, maji, hewa ya ukaa na joto la kadiri. Unataka pia nitrojeni na magnezi, ndipo jani liwe na kijani chake. Kilichopungua kuliko vingine ndicho kinachoamua mwendo wa kazi ya jani. Nilisoma hilo sekondari, seksyo (mchepuo) ya biolojia na kemia: Mwingereza Blackman aliliandika mwaka 1905. Mama hakubali. Anasema ataongeza mbolea.

"Mama, una unga gunia zima na maji pipa zima, lakini makala, mkaa wa jikoni, yameisha. Bugali utausonga na nini? Mwanga ndio makala ya mmea. Hii imerefuka ikiutafuta."

Ananyamaza. Halafu: "Basi leo naitoa juani."

Hapana! Majani yaliyokulia gizani yataungua. Naanza upya: kwanza kivuli chepesi cha nyasi, siku kama 5, kisha jua la asubuhi, kisha jua lote. Namrudia mara tatu. Wakati huo motari, dereva wa pikipiki, aliyemleta mteja wa miparachichi anapiga honi, na mteja anaondoka bila kununua. Iliniuma, kwa sababu siku hiyo nilikuwa sijauza hata mche mmoja.

Adhuhuri mawe meusi yanachoma miguu. Jua liko tele, lakini miche imesinzia: maji yakipungua, jani hufunga vitundu vyake lisikauke, na hewa ya ukaa, ambayo ni kama asilimia 0.04 tu ya hewa yote, haiingii. Kazi ya jani inapungua mchana kweupe. Navuta nyasi juu ya vitalu, naongeza maji chini kwenye udongo. Mgongo unauma.

Baadaye mawingu, fula (mvua) kidogo, wateja wawili. Sikumbuki saa.

Yule mama aliniachia miche yake 12. Nimeiweka chini ya nyasi, kando ya ile yangu, nikaifunga uzi mwekundu. Vilele vitatu bado vina kijani.