Flashi Ilipobadilika Kutoka E Kwenda F

Kila Jumamosi jioni, kabla sijafunga steshenari hapa Mwanga, Kigoma, nachomeka flashi yangu na kubofya faili la bat (skripti, yaani orodha ya amri za Windows) lililomo kwenye folda ya Nakala. Linahamishia humo kazi za wiki: barua za maombi, picha za pasipoti, vyeti vilivyoskaniwa. Ndani ya skripti nilikuwa nimeandika njia nzima kwa mkono, E:\Nakala, E ikiwa herufi ambayo Windows huipa flashi.

Siku moja flashi ya mteja ilikuwa bado imechomekwa. Yake ikawa E, yangu ikawa F. Skripti haikulalamika hata kidogo. Ilitengeneza folda mpya ya Nakala kwenye flashi ya yule mteja na kumwaga humo vyeti vya kuzaliwa vya watu wengine. Nilivifuta kabla hajaifuata, lakini moyo ulinidunda mpaka usiku. Watu wameniachia vyeti vyao kwa kuniamini.

Dawa ni %~dp0. Ile 0 ni skripti yenyewe, d ni herufi ya diski, p ni njia ya folda. Skripti inauliza: mimi nimekaa wapi sasa hivi? Ndivyo tunavyomwelekeza mgeni hapa: hapo uliposimama, teremka na barabara ya Lumumba mpaka stesheni. Usitumie %CD%, yaani folda ambayo amri zinafanyia kazi kwa wakati huo, badala yake. Ukiendesha faili kama msimamizi, %CD% inaweza kukupeleka C:\Windows\System32, mbali kabisa na kazi zako.

Nikaandika amri ya kunakili mafaili: robocopy "C:\Kazi" "%~dp0" /E. Hiyo /E si diski, inaagiza folda za ndani nazo zinakiliwe. Amri ikagoma! Hapa nilihangaika karibu saa nzima. Kumbe %~dp0 huishia na mkwaju wa nyuma (\), na mkwaju huo ukigusana na alama ya kufungia nukuu, robocopy haioni kwamba nukuu imefungwa, inameza na /E kama sehemu ya jina la folda. Weka nukta moja tu: "%~dp0." Nukta maana yake ni folda hii hii. Nukuu zenyewe usiziondoe, maana folda yenye nafasi kwenye jina, kama Kadi za Harusi, itakatwa vipande.

Juu ya mstari huo nimeongeza echo %~dp0 na pause, nione kwanza kazi zinaelekea wapi. Jumamosi iliyopita iliandika G:\Nakala\. Nikahakikisha ni flashi yangu, ndipo nikabonyeza.