Kiwavi wa Oktoba

Nilikuwa nakusanya majani uani, hapa Columbus, Ohio, binti yangu akaja amefumba kiganja. "Baba, tazama!" Akafumbua. Kiwavi! Manyoya mwili mzima. Kabla sijafikiri nilishampiga mkono, mdudu akaangukia huko nyasini, mtoto akaangua kilio.

Aliyekulia Muheza kama mimi atanielewa. Nikiwa darasa la tatu, mmoja aliniangukia shingoni kutoka kwenye mkorosho. Nilijikuna usiku kucha, bibi akinipaka majivu huku akinigombeza, utadhani mimi ndiye niliyemwita. Tangu siku hiyo, mdudu mwenye manyoya simgusi.

Kilio kilimtoa jirani yetu, mzee mstaafu ambaye binti yangu humwita babu. Akapekua nyasi, akamwokota kwa vidole vyake mwenyewe! Alikuwa amejikunja kama jongoo aliyeguswa. Mweusi kichwani, mweusi mkiani, katikati mkanda wa rangi ya kutu, na manyoya yamesimama sawasawa kama brashi ya viatu. Wenyeji humwita dubu wa sufu. Akikomaa huwa nondo wa manjano. Manyoya yake hayana sumu, ingawa wenye ngozi nyepesi huweza kuwashwa. "Ila ukiona mweupe mwenye vishungi vyeusi, huyo mwache," mzee akaongeza, "atakutoa vipele." Hapo nikamtazama binti yangu kwa jicho la nilikwambia.

Wazee wa huku humpiga ramli: mkanda wa kutu ukiwa mpana, baridi itakuwa nafuu, weusi ukizidi, jiandae. Mjini Vermilion, kando ya Ziwa Erie, wana hata tamasha lake tangu miaka ya 1980, na viwavi hushindanishwa mbio. Ukweli ni kwamba mkanda hupanuka kadiri anavyokua na kujivua ngozi, basi hueleza zaidi yaliyopita kuliko yajayo.

Kilichonishangaza ni kingine. Huyu haikimbii baridi. Hujichimbia chini ya majani akiwa kiwavi vilevile, akaganda barafu. Mwili wake hutengeneza gliserini inayolinda chembe zake zisipasuke. Majira ya kuchipua yakifika anayeyuka, anakula kidogo, kisha anajifumia kifuko kwa manyoya yake mwenyewe. Mimi nina majaketi matatu na bado Januari hunitoa machozi kwenye kituo cha basi.

Binti alitaka tumlaze ndani, karibu na hita. Mzee akakataa: joto litamwamsha kabla ya wakati, na chakula hatapata. Nikatazama mifuko niliyokwisha kuifunga. Kumbe nilikuwa nazoa blanketi lake.

Giza lilikuwa limeingia. Nikafungua mfuko mmoja, nikaumwaga kwenye uzio. Binti akamlaza humo taratibu, akamfunika. Mimi nilishika tochi, hatua tatu nyuma.