Jina Lisilosomwa

Wapendwa katika Bwana, juma hili sikulianza vizuri. Jumapili iliyopita, majina ya waliochangia bati za kanisa yaliposomwa mbele ya usharika, langu halikuwamo, ingawa mchango wangu niliukabidhi mapema kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimfuata mweka hazina hadi nje, nikamwambia maneno ambayo mzee wa kanisa hapaswi kumwambia mtu yeyote, kisha nikarudi nyumbani na uchungu ambao hata sala ya jioni haikuuondoa.

Nikiwa katika hali hiyo nilisoma habari za Arthur Edward Jeune Collins, yatima aliyezaliwa Hazaribagh, India, mwaka 1885, akasomeshwa Clifton College mjini Bristol, Uingereza. Mwezi Juni 1899, akiwa na miaka 13 tu, katika mchezo wa kriketi wa wanafunzi wadogo wa mabweni mawili ya shule, alishika gongo kwa karibu saa 7 zilizogawanywa katika alasiri kadhaa, akapata mikimbio 628, yaani alama za kriketi, bila kutolewa uwanjani. Hadi wakati ule hakuna aliyewahi kuandikiwa hesabu kubwa kama hiyo. Hata hivyo hakucheza kamwe kriketi ya daraja la kwanza, ile ya ngazi ya juu, kwa kuwa alichagua jeshi, akawa ofisa wa kikosi cha wahandisi, Royal Engineers, na tarehe 11 Novemba 1914 akauawa katika Vita Kuu ya Kwanza karibu na Ypres, Ubelgiji, akiwa kapteni wa miaka 29 aliyekuwa ameoa mwaka huohuo. Inaelezwa kwamba alipigwa alipokuwa akiwaashiria askari zaidi waje kuulinda ubavu wa handaki lake. Hana kaburi linalojulikana. Jina lake limechongwa katika kuta za Menin Gate, lango la kumbukumbu la askari wasio na kaburi huko Ypres, pamoja na mengine zaidi ya 54,000.

Nimekaa nikiutafakari mkono ule wa Collins juma zima. Ulipokuwa umeshika gongo, kila mkimbio uliandikwa. Ulipoinuliwa kuwaita watu wawaokoe wenzake, haukuwapo mwandishi wa kuhesabu. Nayo hesabu ile iliyotunzwa kwa zaidi ya miaka 116 ilipitwa Januari 2016, kijana wa Mumbai, Pranav Dhanawade, alipopata mikimbio 1,009. Ndugu zangu, Bwana wetu alijua alichokuwa akiwaambia wale sabini waliorudi kwa furaha, wakisimulia jinsi pepo walivyowatii: furahini kwa sababu majina yenu yameandikwa mbinguni.

Lipo na jambo lililonichoma zaidi. Katika mchezo ule, watoto wa upande wa pili walishindwa zaidi ya mara moja kuudaka mpira alioupiga Collins; wangeudaka angetolewa, lakini akaendelea kupiga. Hata hesabu ile kubwa, basi, ilisimama juu ya nafasi alizoachiwa. Nami ni mara ngapi nilistahili kutolewa uwanjani, na Mungu akaniacha niendelee? Daudi alipotazama dhahabu na fedha zilizotolewa kwa ajili ya hekalu, alikiri kwamba vitu vyote vyatoka kwa Bwana, na kwamba walimtolea vilivyo vyake. Mimi nilitoa bati chache zilizokuwa zake, nikataka nisomewe kana kwamba ni zangu.

Nami siwezi kunyamaza kuhusu sisi viongozi, kwa sababu ugonjwa huu tumeulea wenyewe. Tunasoma majina kuanzia mwenye fungu kubwa, na tunapofika kwa wenye mia tano tunasema muda umekwisha. Mama anayefagia kanisa kila Jumamosi alfajiri, ambaye kwa kazi yake hatujaketi penye vumbi Jumapili hata moja, hatujamtaja hata mara moja. Yesu aliketi akiielekea sanduku la hazina, akamwona mjane mwenye senti mbili kabla mtu mwingine yeyote hajamwona. Je, sisi huketi tukimtazama nani? Tutubu, wapendwa, na tutubu mapema, kabla watoto wetu hawajajifunza kutoka kwetu kwamba sadaka isiyotangazwa ni hasara.

Jumapili hii, kabla ya ibada, nitakwenda kwa mweka hazina kumwomba radhi. Sitamtajia orodha ile. Mniombee, kwa maana hadi usiku huu bado ningependa aitaje yeye.