Kumbukumbu ya mradi: jedwali la maisha ya Newton Knight, mkulima wa Mississippi

Jedwali sasa lina safu tano: mwaka, tukio, hati, aliyeiandika, na alichokitaka. Safu ya tano ndiyo yenye kazi. Knight alikuwa mkulima wa kaunti ya Jones aliyetoroka jeshi la majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akaongoza watoro wenzake kupigana nalo, kisha akapewa vyeo na upande ulioshinda. Ni shida kupata karatasi inayomtaja ambayo mwandishi wake hakuwa na lake.

Mwaka wa kuzaliwa: 1837, kwa mujibu wa sensa ya 1900. Mwanawe Tom aliandika 1830, na mjukuu wa nduguye akaandika 1829, lakini hao wote waliandika baadaye sana. Sensa ya 1900 iliuliza mwezi na mwaka wa kuzaliwa. Zile za 1850 hadi 1880 ziliandika umri wa mtu kufikia tarehe 1 Juni, na hapo ndipo wengi huteleza. Aliyezaliwa Novemba 1837 alikuwa na miaka 22 siku hiyo mwaka 1860, lakini ukitoa 22 kwenye 1860 unapata 1838. Kupishana kwa mwaka mmoja kusikufanye udhani umepata watu wawili.

Shamba. Sensa ilikuwa na daftari lake la kilimo, na la 1860 lina mitego mitatu. Liliacha mashamba ambayo mazao yake hayakufika thamani ya dola 100, kwa hiyo mkulima maskini anaweza kukosekana humo ilhali yumo kwenye orodha ya watu. Mavuno yake ni ya miezi 12 iliyoishia 31 Mei 1860, yaani mahindi yale ni ya 1859. Na marobota ya pamba yamehesabiwa kwa ratili 400 kila moja, karibu kilo 181.

Daftari la watumwa ni gumu zaidi. Linataja jina la mwenye mali tu, kisha umri, jinsia na rangi ya kila mtumwa. Babu yake Newton, John Knight, alikuwa miongoni mwa wenye watumwa wengi katika kaunti ile. Baba yake, Albert, hakuwa naye hata mmoja. Rachel, mtumwa wa ukoo huo aliyekuja kuishi na Newton na kuzaa naye, hawezi kupatikana humo kwa jina. Hapo hufuatwa wosia na hati za mirathi, maana warithi waligawiwa watu kwa majina. Baada ya watumwa kuachwa huru mambo hugeuka: mwaka 1876 Newton alimhamishia Rachel ekari 160 kwa hati.

Jeshi. Julai 1861 alijiandikisha, mapema 1862 akapewa ruhusa kwenda kumuuguza baba yake, na Mei akaingia Batalioni ya 7 ya askari wa miguu wa Mississippi. Anayesoma mstari wa Mei peke yake atamwona mtu mwenye hamu ya vita. Ongeza mstari wa Aprili 1862, sheria ya kuandikisha wanaume kwa lazima, na sura inabadilika: aliyejitolea pamoja na majirani zake aliepuka kupangwa na wageni. Oktoba ile ilileta vita vya Corinth na sheria iliyomsamehe jeshi mwenye watumwa 20 au zaidi. Mwishoni mwa mwaka alikuwa ametoroka. Oktoba 1863 alichaguliwa kapteni wa kundi la watoro, na Aprili 1864 kanali Robert Lowry aliingia Jones na mbwa na kamba za kunyongea.

Vyeo. Baada ya vita aligawa chakula cha msaada, 1872 akawa naibu marshali (ofisa wa kutekeleza sheria) wa serikali kuu, na 1875 gavana Adelbert Ames akamfanya kanali wa kikosi cha kaunti ya Jasper. Binafsi naona miaka hii inaeleza mengi kuliko risasi za vichakani, ila huchimbwa kidogo kwa sababu karatasi zake zimetawanyika. Wapinzani wake waliomba jina la Jones lifutwe, na kuanzia 1865 kaunti ikaitwa Davis kwa miaka kadhaa, na mji wake wa Ellisville ukaitwa Leesburg. Atafutaye "Jones" katika kumbukumbu za miaka hiyo atatoka mikono mitupu. Kisha tafuta Jasper, alikohamia na kuzikwa 1922.

Kinachoingizwa sasa ni faili la madai. Mwaka 1870 Knight aliomba serikali iwalipe wanakundi wake kama askari wa Muungano, yaani wa upande wa Kaskazini ulioshinda, na ushahidi wa viapo ukaambatanishwa. Orodha ya kundi lile inatumika sana, na ni nzuri kwa majina, lakini iliandaliwa ili watu walipwe. Kwa hiyo kila jina litapewa alama mbili tofauti: moja kama lipo kwenye orodha ya madai, nyingine kama orodha za jeshi la Kusini zinamwonyesha kuwa mtoro. Madai yenyewe yalikataliwa na mahakama mwaka 1900.