Wiki kumi na nne na hogo mguuni

Bodaboda niliyopanda iliteleza kwenye mchanga, kona ya kuingia kwetu Tabata, pikipiki ikanilalia mguu wa kulia. Nilisikia "ka!" kama mtu kavunja muwa. Picha ikaonyesha muundi umekatika katikati, ila vipande havijaachana, kwa hiyo sikuwekewa chuma. Nilifungwa hogo, yaani plasta ngumu ya kushikilia mfupa, kutoka vidoleni hadi pajani.

Kwenye kituo nilichopelekwa usiku ule walilikaza mno. Alfajiri vidole vilikuwa vimevimba, vya baridi, vina ganzi, na maumivu hayasikii dawa. Mke wangu akakataa tusubiri kukuche. Hogo lilipasuliwa kwa urefu likalegezwa. Tungechelewa, damu ingekosa njia na misuli ingekufa. Ukifungwa hogo, chunga vidole kwanza, mfupa baadaye.

Nyumbani shangazi alihamia na sufuria lake. Supu ya makongoro asubuhi, makongoro jioni. "Kunywa baba, mfupa huungwa na mfupa." Kliniki, daktari hakuuliza habari za supu. Aliuliza, "Kaka, unavuta?" Nilikuwa namaliza nusu pakiti kwa siku.

Akanichorea nyuma ya karatasi ya dawa. Mfupa ukivunjika, mishipa yake ya damu nayo hukatika, damu inaganda pale pale, na kazi yote inaanzia kwenye donge hilo. Wiki ya pili hadi ya tatu seli huweka gegedu, kitu cha kupinda kama sikio, kushikilia pande mbili. Kisha mishipa mipya inapenya, gegedu linabadilishwa taratibu kuwa mfupa. Mifupa mirefu ya mtoto tumboni nayo huumbika hivyo hivyo, huanza gegedu ndipo ikawa mfupa. Sasa nikotini ya sigara hubana mishipa midogo ya damu. "Wewe unapeleka mafundi," akasema, "halafu unawafungia barabara."

Niliacha. Wiki ya sita nikaenda kupigwa picha nikitegemea kuona mfupa mzima. Ufa ulikuwepo vile vile, umezungukwa na kitu kama ukungu mweupe. Daktari alifurahi, huo ukungu ndio mfupa mchanga. Mimi niliona ufa tu, na jioni ile nikavuta mbili. Ndizo za mwisho.

Kilichoniuma zaidi ni mpwa wangu wa miaka saba. Alianguka mwembeni baada yangu, mkono ukapinda, akafungwa, na wiki ya tano yuko nje anacheza mpira. Mfupa wa mtoto ni kama kijiti kibichi: hupinda, ukachanika upande mmoja tu, na utando unaoufunika ni mnene, una damu ya kutosha. Wa kwangu ulikuwa kuni kavu.

Kuwashwa sasa. Nilichomeka njiti ya ufagio wa chelewa ndani ya hogo, nikajikwaruza, usiku mzima nikihofia kidonda kinachooza nisichokiona. Usifanye. Gonga hogo kwa nje, au elekeza feni.

Baada ya ile picha hogo lilikatwa likaishia chini ya goti, na wiki ya nane nikaambiwa nianze kukanyaga. Nilidhani nimesikia vibaya. Kumbe mfupa hujijenga kwa kufuata mzigo unaobeba; Mjerumani Julius Wolff aliliandika hilo mwaka 1892. Niliazima mizani ya kupimia uzito kwa jirani mwenye duka la dawa, nikawa nasimama kwa magongo, mguu mbovu juu ya mizani, nausukuma mpaka mshale ufike kilo 10. Wiki iliyofuata 20. Kabla ya mizani nilikuwa ama naogopa kugusa chini, ama nazidisha.

Wiki ya 14 likatolewa. Ule msumeno unapiga kelele za kutisha lakini hauzunguki, unatetemeka tu, na ngozi haukati kirahisi. Mguu uliotoka ulikuwa mwembamba, una magamba kama wa kenge, na kifundo kilikataa kukunja. Ngazi za ofisini zilinitesa kuliko hogo lenyewe, mwezi na nusu wa mazoezi.

Kwenye muundi pamebaki kinundu. Mfupa wa kuungia hujengwa mwingi kupita kiasi, halafu seli nyingine huja kuula pole pole na nyingine kuujenga upya, kazi ya miezi hadi miaka. Huu ni mwaka wa pili na kimepungua, ingawa nikipapasa nakipata. Shangazi anaamini ni makongoro yake. Sijambishia. Supu ilikuwa tamu.