Mlenda wangu uliota kwa maji ya moto

Misimu miwili mizima niliambiwa kwamba mbegu zangu zimekufa. Leo nachuma mlenda nyuma ya nyumba, hapa Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi. Tunakula, nawagawia majirani, na bado mafungu kadhaa yanakwenda sokoni. Naandika kwa sababu najua yuko mwenzangu anayetupa mbegu nzima hivi sasa.

Nausema ule mlenda wa porini, wenye majani ya meno meno na viua vya manjano, ambao Wagiriama huuita vombo. Masika ikinyesha unajiotea katika mahindi, na wengi huung'oa pamoja na magugu. Mimi niliutaka bustanini, maana ule wa porini hukomaa na kukauka mapema, na kwangu sima bila mlenda haipiti kooni.

Mbegu nilikusanya mwenyewe. Nikapanda Aprili. Wiki tatu nzima sikuona ila ndago. Nikaenda duka la pembejeo, kijana akazimimina kiganjani akasema, "Mama, hizi zimekufa, chukua za pakiti." Nikatoa shilingi mia na kitu. Miche iliyoota ilikuwa kumi na mmoja. Mwingine akanishauri niongeze samadi, nikamwaga toroli nzima, ndago zikanawiri. Ushauri ule unaniudhi hadi leo, kwa sababu wote walisema kwa uhakika, na hakuna aliyewahi kuupanda.

Aliyeniokoa ni jirani yangu mmoja mzee, namwita Hawe. Aliniuliza, "Hujaona vombo inavyojaa palipochomwa moto?" Akanieleza kwamba ngozi ya mbegu ile ni ngumu, haipitishi maji mpaka ipate joto. Nikarudi nyumbani mbio, nikazitia mbegu katika sufuria ya maji yanayochemka, mara nikasikia hodi uani. Niliporudi zilikuwa zimeshaiva. Nikazipanda hivyo hivyo, hakikutoka kitu. Hawe akanishika mkono: "Mwanangu, nilikwambia uzichovye, sikukwambia uzipike."

Mara ya pili nilizifunga katika kipande cha leso kuukuu. Nikaepua sufuria maji yakiwa bado yanatokota, nikachovya, nikahesabu moja hadi kumi pole pole, nikatoa na kuzitumbukiza katika maji baridi. Nikazianika kivulini juu ya ungo hadi zikaachana. Kwa kuwa ni ndogo kama baruti, nilizichanganya na mchanga mkavu ndipo nikamwaga katika mifereji myembamba, nikafukia kidogo tu. Siku ya sita asubuhi nilikuta mistari ya kijani kutoka mwanzo wa tuta hadi mwisho. Nilimwita mume wangu kwa sauti akadhani kuna nyoka.

Wiki ya tano au ya sita nilianza kukata vilele, nikaacha shina la kama shibiri moja. Unachipua ubavuni, nami nakata tena kila baada ya wiki mbili hivi. Anayeung'oa na mizizi anajinyima mwenyewe.

Tuta moja lilinisikitisha: majani yalipauka, na nilipong'oa mche nikakuta mizizi imejaa vinundu. Pale nilikuwa nimetoa bamia. Mlenda na bamia ni ukoo mmoja, pamoja na pamba na hata mbuyu, na vijidudu vya udongoni vinavyoshambulia mizizi ya bamia huhamia kwake. Tangu hapo naubadilishia mahali.

Jikoni naukatakata, nautia katika maji yanayochemka pamoja na majani ya kunde na magadi kidogo sana, bila kufunika, kisha tui zito mwishoni.

Mistari miwili nimeiacha ikomae, nimeizungushia makuti mbuzi wasiifikie, maana mbegu zake zina sumu inayodhuru moyo wa mnyama. Aliye karibu na aje achukue, ila aje na kitambaa cha kuchovyea.